Somo: Kubana gharama na kurudisha magari kwenye mbio za viwanja vifupi

Wakuu, salaam. Juzi ndugu mmoja aliyeko Virginia aliniuliza kwa nini kiwanja cha karibu na kwake kilianzisha mbio kuu ya Jumamosi na magari saba tu, wakati zamani yalikuwa yanafika ishirini na ushee. Nikamwambia hilo halijibiki kwa simu, nitaandika. Ndiyo hili.

Kwa wageni wa mchezo: kiwanja kifupi huku Marekani ni njia ya mviringo isiyofika maili moja. Martinsville ni kama nusu maili. Bowman Gray ya hapa Winston-Salem, North Carolina, ni robo maili tu, lami imeuzunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani, na mbio za NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari huku Marekani, zinapigwa pale tangu 1949. Magari ni ya stoku, yaani asili yake ni gari la mtaani: limevuliwa viti na vioo, likachomelewa keji ya mabomba ndani. Mimi kazi yangu ya mchana ni nyingine kabisa, lakini mwisho wa wiki niko piti, yaani eneo la magari na mafundi, mwaka wa tisa sasa. Nilianza kwa kubeba matairi ya jirani, nikaishia upande wa ukaguzi. Ujanja nimeuona kutoka pande zote mbili.

Kabla hujaandika kanuni yoyote, chagua unamwandikia nani. Mapromota wengi, yaani waendesha viwanja, wanamwandikia mshindi, maana ndiye anayelalamika kwa sauti. Mshindi atakuja tu. Wewe mtazame anayemaliza wa kumi na mbili. Huyo ana kazi ya zamu, trela la kuazima, na gari analifunga mwenyewe usiku watoto wamelala. Akikosa Jumamosi mbili mfululizo, ya tatu utasikia anauza injini. Idadi ya magari kiwanjani anaishika yeye.

Hatua ya 1: Anza na matairi

Kila mtu anakimbilia injini. Injini unanunua mara moja. Tairi linakutafuna kila wiki. Tairi jipya la mbio lina ubora wake wote kwenye mizunguko ya mwanzo, likishapata joto na kupoa mara kadhaa linakuwa gumu. Kwa hiyo mwenye hela anaweka manne mapya kila usiku, na wa kumi na mbili ama amfuate au akubali kupitwa.

Piga hesabu. Tuseme tairi ni dola 160 na msimu una usiku 20. Manne mapya kila usiku ni matairi 80, dola 12,800. Sasa weka kanuni: manne usiku wa kwanza, kisha moja tu kila usiku unaofuata. Hayo ni matairi 23, dola 3,680. Umemwokolea mtu dola 9,120 bila kumgusa hata plagi moja. Kasi itapungua kidogo kwa wote, na aliyeko jukwaani hataijua tofauti hiyo hata umpe saa ya kupimia.

Iwe aina moja tu ya tairi, liuzwe palepale kiwanjani, liandikwe namba ya gari mbele ya muuzaji. Chagua lenye mchanganyiko wa mpira mgumu unaodumu. Madereva watanung'unika mwezi mzima kwamba gari linateleza. Waache wanung'unike, gari likiteleza kidogo, mguu wa dereva unapata kazi.

Hatua ya 2: Injini ya kreti, yenye lakiri

Injini iliyojengwa kwa fundi maalumu inafika makumi ya maelfu ya dola. General Motors wanatoa injini za mbio zinazokuja ndani ya kreti, zimekwisha kuunganishwa na kupigwa lakiri kiwandani ili mtu asizifungue. Maarufu ni mbili: 602, ya inchi za ujazo 350 na kama nguvu za farasi 350, na 604 yenye silinda hedi za alumini na kama nguvu 400. Bolti za lakiri vichwa vyake hukatika zikishakazwa, spana haina pa kushika. Wajanja wakajifunza kughushi bolti, ndiyo maana sehemu nyingine wameongeza waya wenye namba.

Mkiwa na injini za aina mbili kwenye daraja moja, yaani kundi moja la magari yanayoshindana pamoja, sawazisheni kwa uzito. Mwenye nguvu nyingi abebe vipande zaidi vya risasi, ile metali nzito. Na mkiandika kanuni, zigandisheni miaka mitatu. Kubadili kila Januari ndiyo gharama isiyoonekana: spea ya mwaka jana inakuwa chuma chakavu.

Hatua ya 3: Kagua kweli

Hapa ndipo wengi huanguka, na nitawapa kisa changu. Kiwanja sikitaji.

Usiku mmoja wa Julai nilivua tairi la nyuma kulia la gari lililomaliza la pili. Tairi linanuka mpira, hata mtoto anajua. Lile lilinuka kama duka la rangi. Nikachukua kipima ugumu, kile kidude cha uso kama saa chenye kisindano kidogo chini, nikasubiri tairi lipoe, nikabonyeza: 44. Nikabonyeza la mwenzake wa aina ileile na umri uleule: 53. Maana yake tairi lilikuwa limelowekwa dawa ya kulainisha mpira, likashika lami kuliko linavyopaswa. Nikampelekea promota. Promota akamtazama mwenye gari, akakumbuka kwamba jamaa ana mabango mawili ya biashara ukutani, akasema, "Tumwonye tu kwa leo." Yule wa tano alikuwa amesimama pembeni, mikono mifukoni, anasikiliza. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye yeye na rafiki zake watatu hawakuja, na hawajarudi.

Kwa hiyo: adhabu iandikwe kwa namba, isitegemee sura ya mtu. Chukua kipande cha tairi, kiende maabara, zawadi izuiliwe hadi majibu yarudi. Wafungulie boneti watatu wa kwanza, kisha mmoja kwa kura kutoka nyuma. Hiyo kura ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana wa nyuma naye anataka kujua kwamba wanamwona.

Hatua ya 4: Gawa zawadi upya, halafu tazama mlango wa nyuma

Tuseme una magari 20 na dola 2,950 za kugawa. Mtindo wa kawaida: 1,000, 600, 350, 200, 150. Hapo 2,300 zimeliwa na watano. Waliobaki kumi na tano wanagawana 650, kama dola 43 kila mmoja. Mafuta ya pikapu kuja na kurudi hayatoshi.

Sasa gawa hivi: 500, 350, 250, 200, 150. Jumla 1,450. Waliobaki wapate 100 kila mmoja, yaani 1,500. Hela ni ileile, 2,950. Mshindi kapoteza 500, na ukimwambia atakasirika, lakini wa kumi na mbili kapata zaidi ya mara mbili.

Na hii ndiyo hesabu ambayo promota asiyeijua atafilisika: kila gari linakuja na watu. Dereva, shemeji, fundi, mtoto wa jirani. Tuseme wanne, na kuingia piti ni dola 35. Ni 140 kwa gari. Magari 20 ni 2,800. Mlango wa nyuma, yaani wa piti, umekaribia kulipa zawadi yote kabla hujauza hata hot dog moja mbele. Gari la mkiani unalilipa 100, limekuachia 140, na mama yake dereva yuko jukwaani amekata tiketi. Kwa nini umfukuze?

Hatua ya 5: Punguza madaraja

Nimeona kiwanja chenye madaraja nane na magari sita sita. Watazamaji wanasinzia. Unganisheni, mbaki na manne au matano. Kaeni pia na kiwanja jirani: kanuni moja, mmoja apige Ijumaa, mwingine Jumamosi. Mapromota wanachukia hili kama paka na maji, kila mmoja anadhani mwenzake anamwibia.

Hatua ya 6: Mlango mpana chini

Lazima pawe na daraja la mtu aliyeamua wiki iliyopita. Silinda nne za kuvuta mbele, kama Honda Civic au Chevrolet Cavalier, zinafaa sana. Daraja la Ford Crown Victoria nalo limeshika huku Kusini: ni lile gari la polisi na teksi, chasisi nzito, injini ya V8, na ingawa Ford waliacha kulitengeneza 2011 bado yamejaa minadani. Kanuni ziwe ukurasa mmoja. Ukihitaji ukurasa wa pili, daraja limeshaanza kupanda bei.

Usalama usiubane. Dereva maarufu wa NASCAR, Dale Earnhardt, alifia kiwanja cha Daytona tarehe 18 Februari 2001 kwa kuvunjika chini ya fuvu, na baada ya hapo kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa cha kawaida kwenye mbio kubwa. Kwenye gari la bei rahisi ukuta ni uleule. Mikanda iliyopitwa na tarehe, rudisha mtu nyumbani. Ukiweza, kiwanja kiwe na mikanda na kofia za kukodisha kwa mgeni.

Hatua ya 7: Maliza mapema

Saa nne usiku watu wawe kwenye magari yao. Wa kumi na mbili ana zamu Jumapili asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Houston): Mkuu, kwa nini usiweke kanuni ya kununuana injini? Nasikia inamaliza ujanja wote.

Ipo, na ina heshima yake. IMCA, chama cha mbio za magari cha tangu 1915, kilipoanzisha magari yake ya Modified mwaka 1979 kilijenga daraja juu ya wazo hilo: mwenzako anaweza kudai injini yako kwa bei ndogo iliyopangwa, kwa hiyo hakuna wa kuweka dhahabu ndani. Inafanya kazi wanapokutana watu wengi wasiojuana. Kwenye kiwanja kidogo, utadaije injini ya mtu mnayesali naye kanisa moja? Kanuni inabaki kwenye karatasi.

Swali (Minneapolis): Kaka, mwenye hela si atakodi kiwanja katikati ya wiki afanye mazoezi peke yake?

Atafanya. Funga mazoezi ya faragha kwa siku kadhaa kabla ya mbio, angalau. Zaidi ya hapo, sina dawa. Mwenye hela atabaki na faida. Kazi yetu ni faida hiyo iwe sekunde sehemu ya kumi, isiwe nusu mzunguko.

Swali (Nairobi): Sisi tuna autocross. Hili somo linatufaa ama ni la huko tu?

Matairi na mgao wa zawadi, ndiyo, chukueni. Lakini nyinyi mnashindana na saa, siyo ubavu kwa ubavu, na magari yenu ni ya kila aina. Lakiri za injini hazina maana hapo. Mimi ningeanza na daraja la gari la aina moja linalopatikana kwa wingi mtaani, vitu vya kubadilisha vihesabike kwenye vidole.

Swali (Greensboro): Vipi Legends? Mtoto wangu anazililia.

Nzuri. Zilianza 1992 hapahapa North Carolina: bodi ndogo zenye sura ya magari ya zamani, injini ya pikipiki ya Yamaha, kanuni moja nchi nzima. Angalia bodi tu. Ni faiba, na watoto wanagongana kama wako kwenye foleni ya maandazi. Nunua lililotumika, na ukinunua omba na bampa za akiba.

Swali (Charlotte): Mzee, mimi ndiye huyo wa kumi na mbili. Nina injini ya kujengwa ya zamani, na kiwanja kinahamia 602. Niuze gari?

Usiuze. Nenda kwenye kikao cha Novemba, uombe injini za zamani ziruhusiwe misimu miwili kwa kuongezewa uzito na sahani ya kubana hewa ya kabureta. Nenda na wenzako wawili wenye tatizo hilohilo, na kabla hamjaingia andikeni idadi ya watu mnaokuja nao piti. Hesabu hiyo promota anaielewa haraka.