Kamongo, ngege na sisi: namna ya kumsaka mhenga wetu ndani ya jenomu

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa biolojia hapa Kisumu kamongo, samaki mwenye mapafu, ni ndugu wa nani, karibu wote hujibu ngege (tilapia). Wote wawili wanatoka ziwani, wana mapezi, na pale ufuoni Dunga wanateremshwa kutoka mashua moja. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zina jibu jingine: kamongo ana undugu wa karibu zaidi na wewe kuliko na ngege. Unaweza kulipima jambo hili mwenyewe, kwa sababu hifadhi za data ni za bure na kompyuta ya shule yenye intaneti ya kawaida inatosha.

Kwanza weka swali sawa. Kamongo si babu yetu. Yeye na sisi tulitoka kwa mhenga mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na tangu hapo kila upande umebadilika kivyake. Kazi yako ni ile ya wazee wanaotambua ukoo: binamu wawili wakiwa na alama ambayo jirani hana, yaelekea waliirithi kwa nyanya yao. Ndiyo maana ni lazima uwe na jirani, yaani mnyama aliye nje ya kundi unalochunguza. Bila yeye hujui alama ipi ni ya kale na ipi ilizuka baadaye.

Jirani wetu atakuwa Callorhinchus milii, samaki wa gegedu aliye jamaa wa papa, anayeishi bahari za Australia na New Zealand. Waongeze binadamu, kuku, chura Xenopus, samaki silakanti (Latimeria chalumnae), ngege (Oreochromis niloticus) na kamongo. Kamongo wa ziwa letu ni Protopterus aethiopicus, lakini tumia data ya nduguye, Protopterus annectens, ambaye jenomu yake ilichapishwa 2021.

Tafadhali usipakue jenomu yake nzima. Ina herufi za DNA zipatazo bilioni 40, wakati yetu ina bilioni 3 hivi. Si kwamba kamongo ana jeni nyingi kiasi hicho. Sehemu kubwa ni vipande vya DNA vilivyojinakili na kurukaruka kwa mamilioni ya miaka. Bando litakwisha kabla hujafika popote. Chukua protini moja tu.

Mimi huanza na protini RAG1, inayosaidia kukata DNA ili iungwe upya katika chembe za kinga. Ni ndefu, na kwa kawaida mnyama huwa na nakala moja. Ingia kwenye hifadhi ya data ya NCBI upande wa protini, tafuta RAG1 ya Homo sapiens, na uchague yenye asidi amino 1,043 (viungo vya protini, kila kimoja huandikwa kwa herufi moja). Ibandike kwenye BLAST ya protini, chombo cha kutafuta protini zinazofanana, kisha andika jina la kisayansi la mnyama mmoja mmoja. Katika matokeo angalia kwamba thamani ya E, yaani makadirio ya mara ngapi mfanano kama huo ungetokea kwa bahati tu, iko karibu na sifuri, na kwamba ulinganifu unafunika sehemu kubwa ya protini. Ukifunika robo tu, hicho ni kipande, kiache. Weka protini zote saba katika faili moja la maandishi la muundo wa FASTA, kila moja kwa jina fupi lisilo na nafasi.

Peleka faili hilo kwenye programu ya MAFFT au Clustal Omega, zilizopo kwenye tovuti ya EMBL-EBI, kituo cha Ulaya cha data za biolojia, ili herufi zipangwe safu kwa safu. Hapa ndipo pa kukaa. Wengi hukimbilia kuchora mti wa ukoo, na mimi huwazuia kabisa. Pitia safu kwa macho. Palipo na herufi ileile kwa wote saba, yaelekea protini haivumilii mabadiliko mahali hapo. Kisha tafuta safu ambamo binadamu, kuku, chura na kamongo wana herufi moja, huku ngege na Callorhinchus wakiwa na nyingine. Mwanafunzi akiipata safu kama hiyo, ameuona undugu huo kwa macho yake, na simwachi aendelee bila kuinakili daftarini.

Mti wenyewe uchore kwa MEGA, programu ya bure, ukiweka mzizi kwa Callorhinchus. Mti ukimweka silakanti mahali pa ajabu, usiubadilishe ili upendeze. Silakanti, kamongo na sisi tuliachana ndani ya muda mfupi, kwa hiyo jeni moja hubeba ushahidi mdogo. Watafiti wa jenomu ya silakanti walitumia jeni 251 mwaka 2013 kuthibitisha kwamba kamongo ndiye wa karibu zaidi nasi. Ongeza jeni.

Ukiongeza, chunga nakala. Mababu wa ngege waliwahi kurudufisha jenomu yao yote, kwa hiyo jeni nyingi kwake ziko mbili. Ukichanganya nakala zisizolingana, utakuwa unapima umri wa urudufu badala ya umri wa kuachana kwa wanyama. Fungua Ensembl, hifadhi ya jenomu mtandaoni, utazame jeni zinazopakana na hiyo unayochunguza kwenye kromosomu; majirani wakifanana, yaelekea umepata nakala sahihi.

Kwa mhenga wa kale zaidi, nenda kwa lampri, samaki asiye na taya. RAG1 hutaipata kwake. Usiandike haraka kwamba mhenga wetu naye hakuwa nayo, kwani mwaka 2016 watafiti waliripoti kipande kinachofanana na RAG ndani ya amfioksasi, mnyama mdogo wa baharini asiye na uti wa mgongo wa mfupa. Huenda upande wa lampri uliipoteza.

Hapo hamia kwenye jeni za Hox, zinazopanga mwili kutoka kichwani hadi mkiani. Amfioksasi ana kundi 1 la jeni hizo. Sisi tuna 4, silakanti pia 4. Zebrafish, samaki mdogo wa maabara, ana 7, na lampri 6. Mwanabiolojia Susumu Ohno alipendekeza mwaka 1970 kwamba jenomu za mababu zetu zilirudufishwa, na jenomu ya amfioksasi ya 2008 ikaunga mkono kwamba ilitokea mara mbili. Andika namba hizo kwenye ncha za matawi, kisha weka alama kila unapodhani nakala ziliongezeka. Nne zetu na za silakanti zinaonyesha kwamba zilikuwepo kabla hatujaachana naye. Saba za zebrafish ni mabaki ya urudufu mwingine, uleule wa mababu wa ngege. Sita za lampri ziwekee alama kwenye tawi lake mwenyewe, kwa maana upande huo uliongeza nakala zake baada ya kuachana nasi.