Kuomba cheti cha TAM ukiwa Moshi: sura ya thamani ya mazingira ndiyo iliyoturudisha nyuma

Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira tumekipata mwezi uliopita, baada ya ripoti yetu kurudishwa na kuandikwa upya kwa miezi mitano. Mradi wenyewe ni nyumba ya wageni ya vyumba 20 huko Kibosho, kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha familia, jirani na mfongo, yaani mfereji wa jadi, unaochota maji kwenye tawi la Mto Karanga. Nitaeleza hatua zote, ila nitakaa zaidi pale tulipoumia, yaani sura ya gharama na faida.

Kwanza, usichimbe hata msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kupewa fedha. Kama kuna mto, shika futi kamba upime mita 60 kutoka ukingoni kabla ya kumlipa mchoraji ramani. Kisha sajili mradi NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Utajulishwa uko kundi A, B1, B2 au kundi maalumu. Sisi tulitakiwa tathmini kamili. Lipa kwa kumbukumbu namba, tunza risiti. Kanda ya Kaskazini ofisi yake iko Arusha, kwa hiyo ukitoka Moshi kwenda kuuliza jambo, hakikisha mafaili yote unayo.

Mtaalamu wa mazingira lazima awe amesajiliwa. Ataandaa ripoti ya wigo na hadidu za rejea, yaani maelezo ya yatakayochunguzwa na namna ya kuyachunguza, na hapo ndipo ungemuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: thamani ya mazingira utaipimaje, na kwa njia gani? Jibu liandikwe ndani ya hadidu. Likikosekana pale, ujue halitakuwepo hata kwenye ripoti.

Mshauri wetu wa kwanza alichukua jedwali la mthamini, lile la fidia ya migomba, kahawa na miti, akaliweka kwenye ripoti kama thamani ya mazingira. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Uthamini wa fidia unamlipa mwenye mali kwa mali yake. Tathmini ya kiuchumi ya mazingira inauliza jamii nzima inapoteza nini, hata kile kisicho na mwenyewe wala bei sokoni: maji ya mfongo, udongo unaoshikiliwa na mizizi, kivuli cha mti wa mruka kinacholinda kahawa. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja anayesimamia mfongo aliniambia, "Mwanangu, miti umeihesabu yote. Haya maji yetu umeyaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Ripoti iliporudi, hoja ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya mzee yule.

Hesabu ya maji si ngumu. Tuseme kaya 60 zinategemea mfongo, na ukikatika kila kaya itanunua madumu manne kwa siku kwa shilingi 100 kila dumu. Hiyo ni shilingi 24,000 kwa siku, au 8,760,000 kwa mwaka. Njia hii ni ya gharama ya mbadala: unapima kitu kwa kile ambacho watu wangelipa kukipata kwingine. Kama mfongo unapungua kiangazi tu, hesabu siku za kiangazi tu. Na usihesabu maji yaleyale mara mbili, mara moja kama maji ya kumwagilia na mara ya pili kama ndizi zilizotokana nayo.

Kisha kuna kiwango cha punguzo, kile kinachoshusha fedha za miaka ijayo ziwe thamani ya leo. Soma ukurasa huo kwa makini kuliko mwingine wowote. Chukua zile 8,760,000 kwa miaka 20: kwa asilimia 10 hasara ya wanakijiji ni kama milioni 74.6 kwa thamani ya leo. Kwa asilimia 5 inafika milioni 109.2. Mfongo ni uleule, kaya ni zilezile. Mwambie mshauri aonyeshe hesabu zote mbili na aeleze kwa nini amechagua kiwango anachotumia. Kiwango kikubwa kinamfurahisha mwekezaji, kwa sababu mapato yake yanaanza mapema na madhara mengi yanakuja baadaye.

Kwa vitu visivyo na mbadala, kama eneo la matambiko au chemchemi, watu huulizwa wako tayari kutoa kiasi gani ili kitu kibaki. Njia hii ilibishaniwa sana Marekani baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, na jopo lililoongozwa na wachumi, lililotoa ripoti 1993, likashauri watu waulizwe swali la ndiyo au hapana kuhusu kiasi kilichotajwa. "Ungetoa ngapi?" huzaa majibu ya kubahatisha. Huku kwetu, wengi hawana fedha taslimu lakini wanatoa nguvu kazi. Tuliuliza: ungekubali siku mbili za msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) kwa mwaka kuulinda mfongo huu? Majibu yakawa ya kweli, na siku moja tukaithamini kwa ujira wa kibarua wa pale kijijini.

Jumla peke yake haitoshi. Faida yote ilikuwa yetu, na hasara ilikuwa ya kaya zilizo chini ya mfongo, nyingi zikiwa za akina mama wajane wenye vihamba vidogo. Andika jedwali linaloonyesha nani anapata na nani anapoteza.

Mengine ni ya kawaida: muhtasari wa mikutano wenye sahihi na muhuri wa mtendaji, maoni ya afisa mazingira wa halmashauri, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani hapahapa Moshi, na muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili na Kiingereza. Wakaguzi wakija eneo la mradi, mwite na mzee wa mfongo.

Mwisho, hakikisha namba za sura ile zinafika kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira na bajeti yake. Kwetu, kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kulikuwa na gharama ndogo kuliko hasara tuliyokuwa tunawapelekea watu wa chini. Bwawa la kuogelea tumeliondoa kwenye ramani, na toka Agosti hadi Oktoba hatutachota tone kwenye mfongo. Sharti hilo limeandikwa.