Kiti kikibaki wazi Mahakama ya Juu ya Kenya: kinavyojazwa na mahali pa kuwa macho

Mahakama ya Juu ya Kenya ina viti saba: Jaji Mkuu, Naibu Jaji Mkuu na majaji watano. Akidi ni majaji watano. Viti viwili vikiwa wazi, inatosha jaji mmoja augue au ajiondoe kwenye kesi ili mahakama nzima ikwame. Oktoba 25, 2017, siku moja kabla ya marudio ya uchaguzi wa urais, majaji waliofika mahakamani ni wawili tu, David Maraga aliyekuwa Jaji Mkuu na Isaac Lenaola, na ombi la kuahirisha uchaguzi halikusikizwa. Tena siku hiyo hakukuwa na kiti kilichokosa mwenyewe. Kesi ya kupinga ushindi wa rais huamuliwa ndani ya siku 14 tangu kuwasilishwa, na Katiba haiongezi hata siku moja kwa sababu majaji hawatoshi.

Yafuatayo ni kwa wakili, jaji au mhadhiri wa sheria anayefikiria kuomba, na kwa mwananchi mwenye la kusema kabla jina halijafika Ikulu.

Jua kwanza ni kiti kipi

Kifungu cha 166(1) cha Katiba ya 2010 kimeweka njia mbili. Jaji Mkuu na Naibu wake hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, kisha Bunge la Kitaifa huwaidhinisha, ndipo Rais awateue. Hao wengine watano hupendekezwa na JSC na kuteuliwa na Rais, basi. Bunge halina nafasi hapo. Watu hulikosea hili kila mara: mtu anatunza malalamiko yake akisubiri wabunge wampige msasa mteule, kumbe mlango pekee aliokuwa nao ulikuwa JSC, na umeshafungwa.

Nafasi nyingi huonekana zikija. Jaji hustaafu akifika miaka 70, na anaweza kuondoka kwa hiari baada ya 65. Jaji Mkuu ana kikomo cha pili, miaka 10 katika cheo hicho. Kinachotangulia ndicho kinachomwondoa. Martha Koome, aliyezaliwa Juni 1960 na kuapishwa Mei 21, 2021, atafikisha miaka 70 kabla ya kumaliza kumi ya cheo. Aliyemaliza miaka 10 kabla ya kufika 70 anaweza kubaki kama jaji wa kawaida wa mahakama hiyo, na Katiba inaruhusu Jaji Mkuu mpya ateuliwe hata kama idadi itapita saba.

Anayepiga hesabu ya umri asidanganywe na 74 ya katiba ya zamani. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi waliitetea hadi ngazi ya mwisho, na mwaka 2016 ikathibitika kwamba 70 ni 70. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Willy Mutunga naye alistaafu mapema, JSC ikajikuta na viti vitatu vya kujaza kwa mpigo.

Miaka kumi na mitano, na jinsi ya kuihesabu

Sharti ni uzoefu wa angalau miaka 15: ukiwa jaji wa mahakama za juu (kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu), au ukiwa msomi mashuhuri wa sheria, hakimu, wakili, au mtu wa kazi nyingine ya kisheria inayohusika. Vipindi vinaweza kujumlishwa. Uliyekuwa wakili miaka sita, hakimu minne na mhadhiri mitano umefika. Lakini usiiachie Tume ikujumlishie. Weka jedwali la tarehe za kuanza na kumaliza kila kazi, pamoja na barua ya kuthibitisha kila moja. Miezi inayogongana, mfano uliofundisha huku ukiendesha ofisi ya uwakili, ihesabu mara moja tu.

Faili ndiyo kazi kubwa

Waombaji wengi hujiandaa kwa usaili na kusahau karatasi. Ni kinyume. Tangazo la JSC hutoka likiwa na tarehe ya mwisho, na taasisi zinazotoa vyeti hazikimbii kwa sababu yako. Kwa kawaida utahitaji kibali cha Mamlaka ya Ushuru, cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kibali cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ripoti ya shirika la kukadiria mikopo, na barua ya Chama cha Mawakili. Aliyesomea ng'ambo aongeze cheti cha kutambuliwa kwa shahada yake. Soma tangazo lenyewe neno kwa neno, maana orodha hubadilika kati ya nafasi na nafasi.

Panapokwama ni mahali padogo: mkopo wa chuo wa miaka ya nyuma uliobakiza salio, ushuru wa nyumba ya kupangisha ambao haukuwahi kutangazwa, jina la ndoa kwenye cheti kimoja na la kuzaliwa kwenye kingine. La majina linatatuliwa kwa hati ya kiapo ya siku moja. La ushuru linaweza kula wiki kadhaa. Omba vibali kabla tangazo halijatoka ikiwa unaona kiti kinakaribia kuwa wazi, ila angalia muda wa kila cheti usiishe katikati ya safari.

Tume itataka pia kusoma ulichoandika. Jaji aambatishe hukumu zake, na asichague zile tu zilizosifiwa magazetini. Hukumu iliyobatilishwa na Mahakama ya Rufaa wataipata wenyewe, na watakuuliza. Wakili alete hoja za maandishi alizoziandika yeye, si za karani wake. Wadhamini wawe watu walioiona kazi yako kwa karibu. Barua ya mkubwa asiyekufahamu husomeka hivyo hivyo.

Mwananchi anaingilia wapi

Baada ya mchujo, JSC huchapisha majina ya watakaosailiwa na kukaribisha maoni kwa maandishi. Hapo ndipo pa kusema. Taja namba ya kesi, tarehe, na jambo lililotendeka, kisha ambatisha nakala. Memoranda ya kurasa ishirini isiyo na hati hata moja haina uzito, na mwombaji atapewa nafasi ya kuijibu. Kushindwa kesi mbele ya jaji si malalamiko. Jaji kukaa na hukumu muda mrefu bila kuisoma ni malalamiko halisi.

Usaili ni wa hadharani. Mwaka 2021 wagombea kumi wa cheo cha Jaji Mkuu walisailiwa kuanzia Aprili 12, mmoja kwa siku, chini ya uenyekiti wa Profesa Olive Mugenda, na kurushwa moja kwa moja. Vigezo viko kwenye Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011: umahiri, uwezo wa kuandika na kuzungumza, uadilifu, haki, busara ya kuamua, uzoefu wa sheria na wa maisha, na moyo wa kuhudumia umma. Maswali ya mali huwaangusha hata wasomi. Ujue thamani ya unachomiliki na kilitoka wapi, kwa sababu kusitasita kwenye runinga kunasomeka vibaya hata ukiwa huna hatia.

Jinsia nayo ina hesabu yake: Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili. Theluthi mbili ya saba ni nne na ushei, hivyo anayelisoma sharti la Katiba kwa ukali atataka angalau wanawake watatu. Mahakama ya kwanza ya 2011 ilikuwa na wawili. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, ilishtaki ikashindwa.

Kutoka Tume hadi Ikulu

JSC hupeleka jina moja kwa kila kiti. Bunge lilijaribu kubadilisha sheria ili Rais apewe majina matatu ya kumchagua Jaji Mkuu. Mahakama Kuu ikayafuta mabadiliko hayo mwaka 2016. Vilevile Rais hawezi kuanza na jina lake mwenyewe: Januari 2011 Mwai Kibaki alimtaja Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu bila JSC, na uteuzi huo ukaporomoka mahakamani.

Je, Rais akikaa na jina? Hapa ndipo Katiba ina meno machache. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majaji 41 wa mahakama nyingine. Korti zilisema Rais hana hiari, lakini Uhuru Kenyatta aliwateua 34 tu, Juni 2021; mmoja alikuwa amefariki, na sita waliobaki wakangoja hadi William Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022. Mteule aliyekwama hivyo asiache kazi aliyo nayo kabla ya kuapishwa.

Kwa Jaji Mkuu na Naibu, karani wa Bunge hutangaza siku ya kikao. Anayepinga awasilishe ushahidi kwa hati ya kiapo kabla ya kikao. Barua tupu haitoshi. Kamati ina siku 28 kuleta ripoti, na Bunge likinyamaza hadi muda upite, mteule huhesabiwa ameidhinishwa.

Tarajia kesi. Aprili 2021, usaili ulipofika ukingoni, Mahakama Kuu iliizuia JSC kuendelea. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo siku chache baadaye na Koome akapendekezwa Aprili 27. Kinga ya Tume ni kumbukumbu: alama za kila msailiwa, sababu za kumwacha aliyeachwa, na mwanachama mwenye uhusiano na mwombaji kuondoka chumbani, si kunyamaza tu mezani.

Baada ya tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kiapo, tazama aliyeapishwa ametoka wapi. Koome aliacha kiti Mahakama ya Rufaa. Naibu akipanda kuwa Jaji Mkuu, cheo cha Naibu kinabaki wazi, na JSC inapaswa kuandaa tangazo jingine.