Jinsi ya kuanzisha mfuko wa matibabu ndani ya kikundi cha hisa kijijini

Karibu kila kikundi cha hisa Tanzania, yaani cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, kina mfuko wa jamii wa kusaidiana. Katika vingi ninavyovifundisha, mfuko huo umegeuka kuwa wa misiba. Mtu akifariki, sanda, maharage na nauli za ndugu hupatikana siku hiyohiyo. Alipokuwa kitandani, familia ilihangaika mlango kwa mlango kutafuta hela ya bodaboda na vipimo. Mwongozo huu ni kwa wanaotaka hela imfikie mgonjwa angali hai.

Hatua ya 1: Tenganisheni matibabu na misiba

Shoneni mifuko miwili ya kitambaa yenye rangi tofauti, yote ikae ndani ya sanduku la kikundi. Andikeni kwenye katiba kwamba hela haihami kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Wapo watakaopinga, kwa kuwa kuzikana ni heshima. Wasikilizeni, na mfuko wa misiba ubaki. Ila ule wa matibabu usiguswe kwa ajili ya msiba, hata wa mwenyekiti.

Hatua ya 2: Pangeni mchango

Hisa kila mtu hununua kwa uwezo wake, kwa kawaida moja hadi tano kwa kikao. Mchango wa matibabu uwe sawa kwa wote, nao upimwe kwa mwanachama mwenye kipato cha chini kabisa. Wanachama 25 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, baada ya vikao vinne mna 100,000. Kama kiasi hicho kinamfanya mama mmoja akwepe vikao, shusheni hadi 500. Mkimpoteza yeye, mmempoteza yule hasa aliyeuhitaji mfuko.

Hatua ya 3: Wekeni masharti kabla hajaugua mtu

Tengeni kikao kizima kwa hili, kwa sababu mtu akishalazwa, majadiliano huwa ya huruma na ya ukoo.

Kwanza, nani anahesabiwa? Mwanachama, mwenzi wake na watoto, hilo halina ubishi. Mimi huwaomba waongeze wajukuu, kwa kuwa bibi wengi vijijini wanalea watoto ambao wazazi wao wako mjini. Pili, kinalipiwa nini? Nauli, vipimo, na dawa zilizokosekana zahanati. Tatu, ni msaada au mkopo? Ninachopendekeza ni nauli ya dharura iwe msaada usiorudishwa, na gharama kubwa ziwe mkopo usio na riba, wenye kikomo na muda wa kurejesha.

Jambo la nne husahaulika, nalo ndilo linalowafanya watu waogope kuomba: siri. Mwanachama asilazimishwe kutaja ugonjwa wake mbele ya kikao. Katibu na mweka hazina waione kadi au risiti, basi. Anayeishi na VVU, au aliyeharibikiwa mimba, ana haki ya kusaidiwa bila kusimama kujieleza.

Hatua ya 4: Jiandaeni kwa usiku

Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hilo ni zuri dhidi ya wizi, lakini mtoto akipata degedege saa nane usiku, nani ataamsha watu watatu? Wekeni fungu dogo la dharura nje ya sanduku, kwa wanachama wawili wa vitongoji tofauti, kila mmoja akiwa na daftari. Wathibitishe kiasi walichonacho kila kikao. Penye mtandao mzuri, simu inaweza kusaidia. M-Koba ya Vodacom, kwa mfano, hutunza hela za kikundi na kuhitaji idhini ya viongozi kabla hazijatoka.

Kwa mjamzito au mama aliyetoka kujifungua, pigeni kwanza 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Nauli ya mfuko iwe akiba endapo usafiri utachelewa.

Hatua ya 5: Hesabuni kwa sauti

Wahesabu fedha watangaze salio la matibabu mwanzo na mwisho wa kikao, na wanachama wote wakariri kiasi hicho. Kikao kinachofuata, muulizeni yeyote: tuliacha shilingi ngapi? Asiyejua kusoma analinda hela hapa sawasawa na katibu.

Hatua ya 6: Sajilini, na muulizie bima

Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa usajili, kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwenye zahanati, ulizeni kiwango cha sasa cha bima ya afya ya kaya, kisha wanachama walipe msimu wa mavuno, hela ikiwa mkononi.

Usajili hufungua pia mlango wa mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni ya biashara na hurejeshwa. Isiingie hata senti moja kwenye mfuko wa matibabu.

Mwisho wa mzunguko wa kuweka akiba, gawaneni hisa na faida. Mfuko wa matibabu msiugawane. Salio liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.