Namna ya Kupima Kama Binadamu Anaweza Kuishi Zuhura

Swali la kama binadamu anaweza kuishi Zuhura hujibiwa vibaya kwa sababu huulizwa nusu. Anayeuliza hutaja sayari bila kutaja kimo, anayejibu humtajia joto la ardhini, na mazungumzo huishia hapo. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulipima jambo hilo mwenyewe, kwa kalamu, karatasi na hesabu za shule ya sekondari, ili ukikutana na dai lolote kuhusu makazi ya huko uweze kulikagua kabla ya kulikubali au kulikataa.

Chora mstari wa wima kwenye karatasi, kisha uweke alama nne: sifuri, kilomita 50, kilomita 55 na kilomita 60. Kwenye sifuri, yaani ardhini, andika nyuzi 465 za Selsiasi na kanieneo ya takriban mara 92 ya ile ya Dunia kwenye usawa wa bahari. Joto hilo linazidi kwa mbali nyuzi 327 zinazoyeyusha madini ya risasi, na kanieneo hiyo inalingana na ile inayomkandamiza mzamiaji aliye mita 900 hivi chini ya bahari. Usiku hauleti nafuu, kwa kuwa angahewa nzito ya kaboni dayoksaidi hulisambaza joto kiasi kwamba upande wenye giza hautofautiani sana na upande wenye jua.

Kabla ya kupanda juu, ni vyema kuona mahali hapo palivyovipokea vyombo vilivyotangulia. Tarehe 15 Desemba 1970, chombo cha Kisovyeti cha Venera 7 kilishuka huku mwavuli wake ukiwa na hitilafu, kikaigonga ardhi kwa nguvu, na mawasiliano yakaonekana kukatika papo hapo. Ni baadaye tu, kanda za kunasia mawimbi ziliposikilizwa upya, ndipo ilipobainika kwamba ndani ya mvumo ule kulikuwa na dakika 23 za sauti hafifu ya chombo kilichokuwa kikiendelea kupima joto. Venera 13, iliyotua Machi 1982, ilidumu dakika 127, na hiyo ilihesabiwa kuwa mafanikio makubwa kwa sababu ilikusudiwa idumu dakika 32. Andika neno "hapana" pembeni mwa alama ya sifuri, uendelee.

Kwenye kilomita 50 kanieneo inakaribiana na ile ya usawa wa bahari duniani, lakini joto lingali nyuzi 75 hivi. Kwenye kilomita 55 halijoto huwa takriban nyuzi 27 na kanieneo ni nusu ya tuliyoizoea. Ukifika 60 baridi imeshapita kiwango cha maji kuganda, na kanieneo ni karibu robo. Mvutano nao ni asilimia 90 ya ule wa Dunia, jambo ambalo mifupa na misuli ingelishukuru, kwani ule wa Mirihi ni asilimia 38 tu. Chagua kilomita 55, kisha ujiulize ni kitu gani kitakachokuzuia usianguke.

Hapo ndipo hesabu inapopendeza. Hewa ya Zuhura, ambayo asilimia 96.5 ni kaboni dayoksaidi na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, ina uzito wa gramu 43 na nusu hivi kwa moli, ilhali hewa tunayovuta ina gramu 29. Kwa hiyo hewa ya kawaida ya kupumua huelea huko, kama heli inavyoelea hapa kwetu. Toa 29 kwenye 43.5, zidisha jibu kwa idadi ya moli zilizomo katika mita moja ya ujazo kwenye kimo ulichochagua (kwenye kilomita 55 ni kama moli 21), nawe utapata takriban gramu 300. Maana yake ni kwamba kila mita ya ujazo ya hewa ya kupumua itabeba gramu 300. Nyumba ya tani 100, pamoja na watu, mitambo na kitambaa chenyewe, itahitaji mita za ujazo zipatazo 333,000, yaani puto la duara lenye kipenyo cha mita 86. Geoffrey Landis, mwanasayansi wa NASA, alilieleza wazo hili mwaka 2003, na mtu akilicheka mwombe akuonyeshe kosa katika kutoa na kuzidisha huko.

Tena kuelea huko si nadharia tupu. Mwezi Juni 1985 vyombo vya Vega 1 na Vega 2 viliachia maputo mawili ya heli, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 3.4, nayo yalielea kwenye kilomita 54 hivi kwa takriban saa 46, yakisukumwa na upepo zaidi ya kilomita 11,000. Tumia takwimu hizo kwa hatua inayofuata: mzunguko wa Zuhura kwenye ikweta ni kilomita 38,000, hivyo puto litaizunguka sayari kwa siku sita na ushei, nusu yake gizani. Jua la huko lina nguvu karibu maradufu ya letu, lakini betri zako ni lazima zivumilie usiku wa siku tatu mfululizo.

Sasa pima hatari za nje. Zuhura haina uga wake wa ndani wa sumaku, na wengi hudhani kwamba hilo linatosha kumwacha mkazi wazi mbele ya mionzi ya angani. Gawanya kanieneo ya kimo chako kwa mvutano, utakuta juu ya kila mita ya mraba kuna tani sita hivi za hewa, ngao ambayo Mirihi haina hata sehemu yake ya ishirini. Kitambaa kikichanika, hewa haitafyatuka kwa kishindo, kwa sababu kanieneo ya ndani na ya nje ni sawa. Itachanganyika polepole, na fundi atatoka kushona akiwa na kinyago cha oksijeni na vazi la kuzuia asidi. Vazi hilo si hiari, maana mawingu ya kimo hicho ni matone ya asidi ya salfuriki, na ndiyo sababu maputo ya Vega yalitengenezwa kwa tefloni.

Oksijeni hupatikana kwa kuipasua kaboni dayoksaidi. Mtambo wa MOXIE ulifanya kazi hiyo Mirihi kati ya 2021 na 2023, ukatoa gramu 122 kwa jumla, na ulipofanya vizuri zaidi ulitoa gramu 12 kwa saa. Mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi kwa siku, kwa hiyo mitambo mitatu ya aina hiyo, ikifanya kazi bila kupumzika, ndiyo ingemtosha mtu mmoja. Maji ni magumu zaidi. Asidi ikichemshwa huachia maji, lakini mawingu yale ni membamba kuliko yanavyoonekana: tukichukulia kwamba kila mita ya ujazo ina miligramu tano za matone, kilo moja ya matone itadai uchuje mita za ujazo 200,000.

Mpaka hapa "hapana" ya mwanzo imekuwa "huenda". Hatua ambayo madai mengi huiruka ni ile ya kuondoka. Kuingia kwenye mzingo wa Zuhura kunadai mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, karibu sawa na wa Dunia, nawe huna uwanja wa kurushia: roketi itaning'inia chini ya puto, na kila tani yake itadai mita za ujazo 3,300 za ziada. Roketi ya tani 200 inahitaji puto lenye ujazo mara mbili ya ule wa nyumba yenyewe. Madini ya kutengenezea boliti moja tu yako kilomita 55 chini, mahali ambapo Venera 13 ilidumu saa mbili, na nafasi nzuri ya kuletewa shehena kutoka duniani hujirudia kila siku 584.

Kwa mizani hiyo, ninaona kwamba binadamu anaweza kukaa Zuhura, lakini kukaa huko bado si kuishi. Wahandisi wa kituo cha NASA cha Langley walipochora mpango wao ulioitwa HAVOC, chombo chao cha kuelea kilikuwa na urefu wa mita 129, na waliokusudiwa kukaa ndani yake walikuwa watu wawili, kwa siku 30.