Somo: Kugawa gauni la sare la kitenge kuwa sketi na blauzi

Naandika somo hili kwa sababu kila msimu wa harusi ukipita naulizwa swali lile lile: gauni la sare lililovaliwa siku moja lifanyiwe nini? Nimelijibu chumba cha kushonea, nimelijibu Soko la Mwanga nikiwa nachagua nyanya, na sasa nalijibu kwa maandishi ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Hapa Kigoma vitenge havijatupungukia, kwa kuwa vinavuka ziwa kutoka Kongo na vingine vinaingia kutoka Burundi, na ndiyo maana makabati yetu yamejaa magauni ya sendofu na harusi ambayo, kwa jinsi yalivyobana, hayavaliki kazini wala kwenye ibada. Kitambaa chake ni kizima. Kinachotakiwa ni kukishona upya, na mshono mpya huamuliwa na kitambaa kilichopo mezani, si na picha uliyoiona kwenye simu.

Andaa mkasi usiokatiwa karatasi, wembe mpya, futi kamba, kipande cha sabuni kilichokauka cha kuchorea, pini, uzi wa bandi (mshono wa muda unaotolewa baadaye) wenye rangi tofauti na nguo, sindano ya cherehani namba 14 na lastiki ya upana wa sentimita 3.

Hatua ya kwanza. Fua gauni, lianike kivulini, lipige pasi.

Hatua ya pili. Vuta uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuchome kwa kiberiti. Ukiacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kitone kigumu, kuna poliesta, na pasi yako iwe ya moto mdogo.

Hatua ya tatu. Fumua zipu, bitana na mishono ya mbavuni. Upande mmoja wa mshono kata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha vuta uzi wa upande wa pili, nao utatoka mzima. Usichane kwa mikono, hasa karibu na kwapa, ambako jasho limekwisha kudhoofisha kitambaa. Mafundi wengi huacha nguo ya ziada mbavuni, na hiyo ndiyo akiba yako. Asiyefumua hawezi kujua anayo kiasi gani.

Hatua ya nne. Pima mwili wa mvaaji, usipime gauni: bega hadi kiuno, bega hadi nyonga, kiuno hadi goti, na mzunguko wa nyonga.

Hatua ya tano ni mahali pa kukata, na naomba isomwe mara mbili, kwa sababu nguo nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibika ziliharibikia hapa. Mtu hulitazama gauni, huona kiuno, na hukata kiunoni. Matokeo yake blauzi huishia juu ya kitovu, na sketi, baada ya kukunjwa kwa ajili ya lastiki, hushuka na kukaa mahali isipotakiwa. Blauzi inahitaji kufika kwenye nyonga, kwa hiyo mkato unapaswa kuwa kwenye nyonga. Tuchukue mfano wa gauni lenye urefu wa sentimita 145 kutoka begani, la mtu ambaye kiuno chake kiko sentimita 40 kutoka begani. Blauzi ya sentimita 58 pamoja na upindo wa sentimita 3 inakula 61. Zinabaki 84, na ukitoa 4 za kupitishia lastiki, unapata sketi ya sentimita 80, ambayo kwa mtu wa kimo cha kawaida hufika katikati ya goti na kifundo cha mguu. Ni urefu wa heshima, na hauna tatizo lolote ikiwa gauni lilikuwa limenyooka au lilikuwa la solo linalopanuka kuelekea chini.

Tatizo liko kwenye gauni la umbo la samaki, lile linalobana magotini kisha likafunguka. Kitambaa kilichokuwa sentimita 65 kutoka begani sasa kinakaa kiunoni, yaani kila kitu kimepanda sentimita 25. Pale palipobana goti sasa panabana paja, na mvaaji hawezi kupanda bodaboda, hawezi kupanda ngazi, na hatua zake zinakuwa fupi mno. Ukishakata, kitambaa cha kurekebisha hakipo tena. Kwa gauni la namna hiyo, kabla hujagusa mkasi, tafuta kitambaa cha rangi moja kinachoendana na ua mojawapo la kitenge, ukate kipande cha kuanzia kiunoni hadi nyongani chenye urefu wa sentimita 20 baada ya kushonwa, na sehemu ya chini ya gauni iungwe hapo. Hapo sketi hupanda sentimita mbili au tatu tu, na pale pa goti hubaki karibu na goti. Kipande hicho kikibana kiuno, sketi itahitaji zipu, nawe unayo uliyoifumua. Blauzi ikivaliwa juu yake, hufunika karibu kipande chote hicho.

Nasisitiza pia: chora mstari wa kukata ukiwa umelaza gauni mezani, mbele na nyuma zikiwa zimelingana kwenye mshono wa mbavuni, na kamwe usichore likiwa mwilini, kwa sababu makalio huvuta nguo ya nyuma na mstari utakuwa wa mshazari.

Hatua ya sita. Piga bandi sketi na blauzi, zivaliwe, na mvaaji akae kwenye kiti, ainame na apige hatua ndefu. Nguo inayopendeza kwa mtu aliyesimama tu bado haijakamilika.

Hatua ya saba. Shona, kunga upindo, toa bandi, piga pasi.

MASWALI

Kutoka Gungu: Shikamoo fundi. Je, naweza kufanya haya yote bila kufumua? Fundi wangu anasema kufumua ni kupoteza muda na mkasi unatosha.

Jibu: Marahaba. Huyo fundi wako na akushonee basi, na gauni likikosa nguo ya mbavuni yeye ndiye atakayejibu. Mimi nimeeleza sababu katika hatua ya tatu, wala sijamlazimisha mtu kufuata.

Kutoka Katubuka: Mimi nimeshakata kiunoni jana. Nifanyeje?

Jibu: Dada, mkato wa kiunoni hauna dawa kwa upande wa blauzi, isipokuwa kuiongezea mkanda wa chini wa kitambaa kingine wenye upana wa sentimita 15 hadi 18. Tumia kile kile cha rangi moja nilichokitaja, na ukiweke pia kwenye ukingo wa mikono ili kionekane kilikusudiwa. Sketi yako haijaharibika. Kwa kupitishia lastiki, tumia mkanda wa kuunganishia badala ya kukunja kitambaa chenyewe.

Kutoka Kasulu: Fundi, bei ya kushonewa ni kiasi gani?

Jibu: Somo hili ni la kushona mwenyewe.

Kutoka Ujiji: Shikamoo. Nilipofumua gauni langu niliona upande wa ndani una rangi kali kuliko wa nje, na maua ni yale yale. Kwa nini iko hivyo, na ninaweza kuutumia huo wa ndani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na asante kwa kuangalia. Ulichonacho ni kitenge cha waksi. Kwa asili hutengenezwa kwa kuchapa utomvu wa moto pande zote mbili za pamba, ili rangi isiingie pale ulipokaa, kisha kitambaa huzamishwa kwenye rangi, na ndiyo maana ua huonekana sawa nje na ndani. Waholanzi waliiga kwa mashine kazi ya mikono ya batiki ya Java, na kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, bado inatengeneza hadi leo. Vitenge vya bei nafuu vingi huchapwa upande mmoja tu, na ukivigeuza unaona ua limefifia au nyuma ni peupe. Kwa kuwa cha kwako ni cha pande mbili, na jua limekula upande wa nje pekee, geuza kila kipande baada ya kufumua na ushone wa ndani uwe nje. Kumbuka jambo moja: ukigeuza, kipande cha kushoto kinakuwa cha kulia, kwa hiyo weka alama ya sabuni kwenye kila kipande kabla ya kuvichanganya, la sivyo mikono ya blauzi itaelekea nyuma.

Kutoka Ujiji tena: Nashukuru sana. Na kulowesha kwenye chumvi kunazuia rangi isitoke?

Jibu: Watu wengi wanaamini hivyo. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi kwenye pamba, ikiisukuma rangi iingie kwenye nyuzi, lakini haiwezi kuifunga rangi ambayo kiwanda hakikuifunga. Kinachosaidia zaidi ni maji ya baridi, kufua peke yake mara za mwanzo, na kuanika kivulini upande wa ndani ukiwa nje.

Kutoka Uvinza: Gauni langu lina doa la mawese kifuani. Nilipige pasi kwanza au nilikate?

Jibu: Usipige pasi, na hatua ya kwanza inaanza na kufua kwa sababu hiyo hiyo, maana joto hulifanya doa ligande kwenye nyuzi. Nyunyizia unga wa muhogo, uache unywe mafuta, upanguse, kisha sugua doa kwa sabuni ya kuoshea vyombo bila maji na ulisuuze kwa maji ya uvuguvugu. Ikibaki rangi ya manjano, lianike doa peke yake juani likiwa na unyevu na ufunike sehemu nyingine, kwa kuwa rangi ya mawese huvunjwa na mwanga. Usitumie dawa ya klorini, kwani itaondoa ua pamoja na doa.

Kutoka Kibirizi: Samahani kwa kutoka kidogo kwenye gauni. Mashati yangu ya kazini yamelika kola tu, mengine yote ni mazima. Kuna namna?

Jibu: Ipo, kaka, na ni rahisi kuliko gauni. Fumua kola pale inapoingia kwenye mkanda wake wa shingoni, usiutenganishe mkanda na shati. Tia alama ya katikati, geuza kola ili upande wa chini ambao haujalika uwe juu, irudishe kwenye nafasi yake, piga bandi, kisha pitisha mshono juu ya matundu ya mshono wa zamani. Kabla hujaanza, kagua mambo mawili: kola isiwe na vitundu vya vifungo kwenye ncha zake, na kitambaa cha chini kiwe sawa na cha juu, kwa sababu baadhi ya viwanda hubana matumizi hapo. Mikono ikilika kwenye vifundo, hugeuzwa kwa namna hiyo hiyo, lakini kitundu cha kifungo kitakuwa upande usio wake, kwa hiyo kifungo utakihamisha.