Kabla Hujaachia Usukani: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kuendesha Baiskeli Bila Mikono

Kijana akisema anataka kuendesha baiskeli bila kushika usukani, wenzake humwambia ajikaze roho. Ushauri huo ndio unaowaangusha wengi. Roho wanayo tayari. Wanachokosa ni baiskeli inayoweza kwenda sawa yenyewe, na mahali ambapo mtu akianguka atainuka ajipanguse. Ukishavipata hivyo, kazi inayobaki ni ndogo kuliko unavyodhani. Ndiyo maana haya yote ni ya kufanya mapema, mikono ikiwa bado kwenye usukani.

La kwanza ni baiskeli yenyewe. Inapoanza kulala upande mmoja, gurudumu la mbele hugeukia upande huohuo, magurudumu yakarudi chini ya uzito, nayo ikainuka. Hufanya hivyo hata bila mtu juu yake: isukume kwa nguvu uwanjani kisha uiachie, utaona inavyojirekebisha mpaka mwendo uishe. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza, Uholanzi na Marekani walichapisha hesabu za baiskeli moja ya mfano, wakaonyesha kwamba ilijisimamia ikiwa na mwendo wa kati ya mita 4.3 na 6 kwa sekunde, yaani kama kilomita 15 hadi 22 kwa saa. Yako itatofautiana kidogo, lakini jambo kubwa liko palepale: ukienda polepole mno haitakusaidia. Anayejifunza huingiwa na hofu, akapunguza mwendo, na hapo ndipo inapoanza kuyumba.

Kwa hiyo usukani lazima ugeuke kwa wepesi kabisa, na hapa naomba uchukue muda wako. Simama kando ya baiskeli, kamata breki ya mbele, kisha isukume mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni, pale uma wa mbele unapoingia kwenye fremu, nati imelegea. Halafu inua fremu mpaka gurudumu la mbele liache ardhi, uilaze baiskeli kidogo kulia, kisha kushoto. Usukani unatakiwa uanguke wenyewe kila upande, bila kusita. Baiskeli nyingi za zamani hapa ndipo zinaposhindwa. Utaona usukani umekwama katikati, kisha unaruka ghafla. Maana yake gololi za shingoni zimechimba vishimo ndani ya bakuli zake kwa miaka ya kupita kwenye mashimo, na kila zikifika katikati zinatumbukia humo. Ukiwa umeshika usukani huligundui, kwa sababu mikono inausukuma kupita pale. Ukiachia, baiskeli itakataa kujirekebisha, nawe utajilaumu bure. Mpelekee fundi abadilishe bakuli na gololi, aweke grisi mpya. Mwambie pia asikaze nati kupita kiasi, maana usukani uliokazwa sana una ubaya uleule.

Zungusha gurudumu la mbele ulitazame likipita baina ya breki. Likiyumba, spoki zirekebishwe. Jaza upepo wa kutosha, tairi laini la mbele linavuta upande. Kikapu cha mbele kitoe, na kwenye keria kusiwe na dumu, mzigo wala mdogo wako. Siti iwe sawa kama meza. Ikiinama mbele itakutelezesha kuelekea usukani na mikono itakuwa inakubeba muda wote. Urefu wake uwe ule ambao mguu ukifika chini, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Siti ya chini sana hufanya magoti yapande juu na kutikisa baiskeli kila unapokanyaga.

Kama unaweza kuchagua, anza na baiskeli ndefu ya magurudumu ya inchi 28, zile za kubebea mizigo vijijini. Uma wake umelala mbele, mwili wake mrefu, na mpandaji hukaa wima. Hizi fupi za kurukia, zenye magurudumu madogo, huyumba haraka. Ziache mpaka umeshazoea.

Mahali pa kujifunzia si barabarani, na hili silipunguzi hata kidogo. Ukienda kilomita 18 kwa saa unapita mita tano kila sekunde, na breki ziko kwenye usukani ulioachia. Mbuzi au mtoto akikatiza, utakuwa umeshamfikia kabla mkono haujafika kwenye breki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka mwendesha baiskeli ashike usukani angalau kwa mkono mmoja, na sababu yake ni hiyo. Waendeshaji wa mashindano unaowaona wakivua koti au kula wakiwa kwenye mwendo wana barabara iliyofungwa kwa ajili yao.

Walioko bara watafute uwanja wa mpira wenye ardhi ngumu isiyo na matuta. Sisi wa pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Paje na Jambiani, tuna uwanja mzuri zaidi kila maji yanapotoka. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari huwa imeenda mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi, na mchanga ulioachwa ni mgumu na mpana. Upime kwanza. Endesha hatua chache, shuka, utazame alama ya tairi. Ikiwa ni mchoro mwembamba tu, mchanga unafaa. Ikiwa tairi limezama kiasi cha kidole, sogea kwingine, kwa sababu mchanga laini hulishika gurudumu la mbele lisigeuke. Usiende nje sana kwenye vigingi na kamba za mwani. Hayo ni mashamba ya watu, na kigingi kilichojificha kwenye dimbwi ni hatari. Upande wa Paje angalia pia nyuzi za matiara ya wanaoteleza baharini. Mara nyingi huzioni mpaka umezifikia.

Upepo nao uupangie. Msimu wa kusi anzia Jambiani uelekee Paje, ukusukume mgongoni. Msimu wa kaskazi fanya kinyume. Upepo wa ubavuni unamsumbua hata mzoefu.

Mavazi ni jambo fupi. Kanzu, buibui refu na suruali pana huingia kwenye cheni. Kandambili huchomoka kwenye pedeli. Vaa viatu vya kufunga, mikono mirefu, na kofia ngumu ukiipata. Kwenye mifuko usiweke funguo wala simu.

Halafu jipime wewe mwenyewe. Je, unaweza kuendesha kwa mkono mmoja, wa kushoto sawasawa na wa kulia, bila kupinda? Unaweza kutazama nyuma ya bega na bado ukaenda mstari ulionyooka? Kama bado, zoea hayo kwanza. Kisha jaribu hili, ambalo kwangu ndilo kipimo cha kweli: kaa wima, uzito wote uwe kwenye siti na pedeli, vidole viguse usukani kwa ncha tu. Ukitaka kwenda kulia, sogeza nyonga na uegemee kidogo kulia, uone baiskeli inavyokufuata. Siku utakayoweza kukwepa kopo lililowekwa mchangani kwa namna hiyo, vidole vikiwa havijasukuma chochote, umekuwa tayari.

Ukiachia, usinyanyue mikono hewani. Iache inchi chache juu ya vishikio, macho yatazame mbali mbele, miguu iendelee kukanyaga taratibu kwa mwendo uleule. Na kurudisha mikono kufanyie mazoezi mapema, maana wengi huangukia hapo: wanapapia kishikio kimoja kwa woga, usukani unapinda. Shusha mikono yote miwili pamoja, karibu na katikati ya usukani, kisha iteleze kwenda kwenye vishikio. Ikitokea usukani umeanza kutetemeka kwa kasi, bana fremu kwa magoti huku ukishika, acha kukanyaga, upunguze mwendo polepole.

Mwenzako anayekusimamia asikimbie akishika siti, atakuharibia mizani. Asimame pembeni, awazuie watoto wasikatize njia yako.

Mliojifunzia pwani, osheni baiskeli kwa maji baridi ya bomba au kisima siku hiyohiyo, muikaushe, na mtie mafuta cheni na shingo. Chumvi ikilala humo usiku mmoja mmoja, zile gololi mlizobadilisha zitaliwa na kutu, na usukani utaanza kukwama upya.